Mkojo wa Mburu

Jumatatu, 4 Machi 1957
Daktari amefika shambani kutoka Nairobi na gari lililojaa chupa tupu. Anachunguza ile dawa ya kuua wadudu wa kahawa: inamfanya nini binadamu? Nilimwambia haimfanyi kitu. Mimi karani wa stoo hapa Ruiru, mwaka wa tatu sasa nakaa nayo chumba kimoja, na ni mzima. Macho tu hutoa machozi. Na jasho. Na kichwa, kuanzia saa sita hivi. Ni kwa sababu ya kufikiri.

Atapima mkojo wa watu arobaini. Ishirini ni wapiga dawa, ishirini ni wasioigusa, ili walinganishwe. Nimewekwa kwa wasioigusa. Namba 21. Sikujali, mpaka nikasikia kwamba yeyote atakayepatikana na sumu atapumzika wiki mbili na kupewa painti ya maziwa kila siku.

Painti nzima! Mburu, nyapara wa wapiga dawa, ndiye namba 1. Tayari ana uso wa mtu anayekunywa maziwa.

Jumanne, 5 Machi
Nimemtazama Mburu akijiandaa kula. Kwanza anavua ovaroli. Kisha ananawa kwa sabuni mpaka viwiko, kisha uso, kisha anabadilisha shati. Robo saa! Padri hajiandai hivyo kwa misa. Halafu kikapu chake hukitundika mtini, mbali na stoo, na leo kunguru wamemlia nusu.

Mimi githeri yangu, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, inakaa ndani ya mkebe wa dawa uliokwisha, nimeuosha mara tatu, mfuniko wake unabana vizuri. Nao mkebe unakaa kwenye kabati la dawa. Miaka mitatu, hakuna panya aliyethubutu. Mmoja alijaribu Januari. Nilimkuta amelala chali kando ya mkebe. Alikuwa mzee, nafikiri.

Mburu aliniuliza kama siogopi. Nilimweleza kwamba mambo haya yanataka mtu aliyesoma.

Jumatano, 6 Machi
Waithira, mke wangu, alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga. Anasema mboni zangu zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, na mikono inatetemeka hadi chai inamwagika. Anataka niutupe ule mkebe na nimwone Daktari nikiwa bado natembea. Ati hataki kumlea Wamboi peke yake. Nilimwambia mboni hupungua kwa kusoma sana.

"Husomi chochote, Baba Wamboi," akasema. "Unaandika tu."

Nikamwacha na ujinga wake. Nina jambo kubwa kichwani. Daktari anatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri wa kuandika namba kwenye karatasi za chupa. Katika shamba hili lote, ni nani mwingine?

Alhamisi, 7 Machi
Imekwisha. Chupa yangu nimeibandika namba 1. Chupa ya Mburu nimeibandika 21. Mtu anayetembea ndani ya wingu la dawa tangu asubuhi, mkojo wake si mkojo tena, ni dawa yenyewe. Yeye apige, mimi ninywe maziwa. Dakika mbili, na ulimi wa kulamba gundi.

Mburu alipita akaniuliza nacheka nini. Nikasema nimekumbuka kitu.

Jumanne, 12 Machi
Majibu Ijumaa. Nimeazima jagi kwa jirani, Kalondu. Aliuliza la nini. La maziwa, nikasema. Akauliza ng'ombe yuko wapi.

Tumbo linakata. Nimetapika mara mbili. Githeri ya Waithira, ingawa yeye na mtoto wameila na hawana neno.

Ijumaa, 15 Machi
Siku mbaya. Tulikusanywa kwenye meza za kuanikia kahawa. Daktari akaanza na namba 1. Akasema hajawahi kuona mkojo wa namna hiyo kwa mtu aliye hai. Akaagiza Mburu aletewe kiti! Mburu akaketi, akajipapasa kifua, akatafuta ugonjwa wake asiuone. Wiki mbili. Painti kila siku.

Kisha namba 21. Msafi kuliko wote arobaini. Daktari akanishika mkono mbele ya watu, akaniuliza siri yangu. Nikamweleza habari ya mkebe. Akaandika. Akamuuliza Mburu yeye hufanya nini. Mburu akataja sabuni na shati. Daktari akatikisa kichwa, akaandika hilo pia, akalipigia mstari.

Bwana wa shamba akaona hapo hapo: kama dawa hainishiki, basi nikapige dawa mahali pa Mburu. Kuanzia kesho. Ovaroli hamna, ni moja, na Mburu ameondoka nayo.

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Mate yakatoka tu, hadi kwenye shati.

Jumamosi, 16 Machi
Nimepiga dawa asubuhi yote, upepo ukinirudishia. Jioni Waithira aliuliza swali moja tu: ile chupa namba moja ilikuwa mkojo wa nani? Nikasema wa Mburu, imeandikwa.  Kisha akauchukua mkebe wangu, akauzika nyuma ya nyumba, akaupiga teke udongo. Jumatatu, anasema, ataenda kwa Daktari yeye mwenyewe.

Jumapili, 17 Machi
Baada ya kanisa Mburu alikuja na chupa ya maziwa. Hakuketi.

"Chukua nusu, Karani," akasema. "Mimi sioni naumwa wapi. Wewe naona."

Ana aibu, maskini, kuniona niko mzima zaidi yake. Nikapokea, nisimuumize moyo.

Waithira nimemtuliza. Asiende kuharibu, nimempangia mambo: Daktari anarudi Aprili kupima tena, na mwandiko bado ni wangu. Kosa langu nimeliona. Nilichagua mtu anayenawa. Safari hii nitabadilishana na Ndila, mpiga dawa ambaye hujifuta mdomo kwa mkono wa dawa. Nimemchunguza, hanawi kamwe.

Maziwa nimeyaleta stoo yakae salama. Mikebe mitupu iko mingine kumi na miwili. Nimeosha mmoja, mara nne, nikayamimina, nikauweka kwenye kabati la dawa. Panya wasiyaone.