Boya la Kabureta, Leso na Mama Mkwe

Leo nimeadhirika, wapendwa. Tena si mbele ya watu baki. Mbele ya mama mkwe!

Mnanijua. Mimi ni fundi wa gereji hapa Amalemba, na mdomo wangu hauna breki. Nimezoea magari ya kisasa: unachomeka kompyuta, inakuambia gari linaumwa wapi, nawe unatikisa kichwa kama daktari. Basi mke wangu Rispa aliponiambia gari la marehemu baba yake linavuja petroli, nikamjibu, "Hiyo ni kazi ya nusu saa." (Nusu saa! Sijui nani alinituma.)

Gari lenyewe ni dogo na kuukuu, limenizidi umri. Kesho tunatimiza mwaka tangu mzee atuache. Kuna ibada ya kumkumbuka, na mama ameomba jambo moja tu: afike kanisani ndani ya gari la mzee, kwenye kiti cha kushoto alichokalia miaka yote. Shemeji zangu walitaka kukodi gari jipya. Akakataa. Akawaambia, "Fundi niko naye." Fundi ndiye mimi! Jamani, maneno hayo yalinikaa moyoni wiki nzima.

Asubuhi tukafika Shinyalu, nyumbani kwa mama. Kwa wasiojua mila zetu: mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hakuna kupeana mkono, hakuna kuketi pamoja, hakuna soga. Mama alinisalimu akiwa mlangoni mwa jikoni, mimi nikiwa kwenye gari, Rispa katikati akipeleka ujumbe huku na huku.

Nikafungua boneti. Petroli ilikuwa inafurika kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nikabadilisha mpira wa petroli. Bado. Nikabadilisha gaskiti, ile karatasi ngumu ya kuziba maungio. Bado. Nikabadilisha ile sindano inayozuia petroli isizidi. Bado, na safari hii ikanimwagikia mapajani! Inawasha, msiulize. Nilikimbilia bafuni nikajimwagia maji ndoo nzima. Rispa akachukua suruali akaisuuza na kuianika, akanipa leso yake nijifunge, kisha akapanda boda kwenda kuleta petroli nyingine.

Nikarudi kwenye gari na leso yangu ya maua. Hapo nikamsikia mama, kule jikoni, akiongea na kuku.

"Wewe kuku, mtu akitoanga hiyo boya ya ndani, aitikise kwa sikio, atasikia kama imeingia petroli. Mzee alikuwanga anafanya hivyo."

Kuku akaendelea kudonoa. Mimi nami nikaendelea na spana yangu. (Kiburi tupu. Nina cheti ukutani.)

Lakini nililitoa boya. Ni kikopo kidogo cha shaba kinachoelea ndani ya kabureta. Kikizama, petroli inafurika. Nililitazama nikaona zima. Sikulitikisa. Ningelitikisaje, na kuku ameambiwa kabla yangu?

Nikainama tena kusafisha kabureta. Nikasikia nyayo nyuma yangu. Nikajua Rispa amerudi. Bila kugeuka nikanyoosha mkono na lile boya.

"Rispa mpenzi, nishikie hii. Na umwambie mama yako awafundishe kuku kutaga, kabureta awaachie wenye vyeti."

Boya likachukuliwa. Nikasikia likitikiswa: chwa, chwa, chwa.

"Iko petroli ndani. Na katundu ni haka hapa, kando ya lehemu."

Haikuwa sauti ya Rispa.

Nilinyanyuka, kichwa kikagonga boneti, puu! Nikaruka nyuma. Leso ikanaswa kwenye bampa, ikabaki huko. Mimi nikabaki na chupi. (Tena ile iliyolegea mpira.) Kwetu hili si jambo la kucheka, wazee wanaweza kuliitia kikao!

Mama aligeuka akatazama mahindi. Mimi nikageuka nikatazama choo. Rispa aliporudi na mtungi wa petroli alitukuta hivyo, tumepeana migongo.

Nilitaka kulia, siwadanganyi. Nilijua kesho ya mama imeharibiwa na mdomo wangu. Ndipo mama akasema polepole, bado ametazama mahindi:

"Mkwe, usijali. Bila miwani mimi sionangi kitu."

(Mtu aliyetoka kuona kitundu kidogo kuliko punje ya wimbi!)

"Mama, nisamehe kwa yale niliyosema."

"Omba kuku msamaha. Mimi ulinituma tu kwao nikawafundishe."

Rispa akacheka mpaka akaketi chini. Nilipokwisha kuvaa, akachota maji ya moto kwenye bakuli, akalileta mbali na jiko, tukalizamisha boya. Mapovu yakatoka palepale mama aliposema. Mama akaingia ndani, akarudi na mkebe wa majani ya chai. Ndani mlikuwa na boya jingine, jipya, limefungwa kwa kitambaa.

"Mzee alinunua mbili. Alisema hii ni ya huyo ataoa hapa, ndio aoe pia shida za gari."

Nikalifunga. Nikapiga stata. Gari likakohoa, likakataa, likakohoa tena, likawaka! Nikachungulia kabureta. Kavu.

Mama hakungoja kuitwa. Alifungua mlango wa kushoto, akaketi, akaweka kiganja juu ya dashibodi, machozi yakamtoka. "Inanguruma vile alikuwanga anapenda," akasema. Nikaenda nyuma ya nyumba, nami nikafuta yangu.

Kesho dereva ni mimi; mama mwenyewe ameagiza hivyo, mila isubiri siku moja. Mkituona tukiingia kanisani, tafadhali msicheke. Mama amesema hakuona kitu, nami nimeamua kumwamini.