Kibali cha Paka

Jumatatu, 3 Machi

Mwaka wa tano tangu niondoke nyumbani. Kazi ile ile: kulala kifudifudi chini ya sakafu ya jengo la kompyuta na kuvuta nyaya. Juu yangu wanatembea mainjinia. Nawajua kwa viatu.

Leo viatu vya kahawia vimerukaruka. Mwenyewe, injinia anayefuga mbwa, amepata kibali cha ukaazi wa muda mrefu! Akitaka kwao ataenda, akitaka kurudi atarudi, na kazi yake ataikuta. Changu mimi ni kifupi. Nikivuka mpaka tu, kazi imekwisha, na nyumbani wanakula kwa kazi hii. Kisha injinia akawaambia wenzake kwamba mbwa naye kapata karatasi zake. Zina picha! Mbwa anaruhusiwa kwenda na kurudi. Nilibaki chini na waya mkononi, namwonea mbwa wivu.

Nikatafakari. Injinia ana vitu viwili: kompyuta na mnyama. Kompyuta ninazo, tena zote ziko juu ya mgongo wangu. Kilichobaki ni mnyama.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata paka. Alikuwa nyuma ya jiko la kantini. Sikio moja, hasira za paka kumi. Nimemwita Shahidi. Kanikwaruza shavu wakati tunafahamiana. Bwenini wanyama ni marufuku, kwa hiyo analala ndani ya kofia yangu ya kazi, chini ya kitanda.

Nimekosea kumweleza Kipara, fundi wa kuchomelea ninayelala naye chumba kimoja. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akauliza kama paka ataandika maombi mwenyewe au nitamshika mkono. Mwache. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepiga simu nyumbani. Mke wangu akauliza, Baba Watoto, unakuja lini? Nikamwambia mambo yameiva, nimepata paka. Akaita halo, halo. Nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema kwa upole kwamba nyumbani wako paka watatu hawana kazi, ningesema tu angenitumia mmoja.

Kitinda mimba wetu nilimwacha tumboni. Hajawahi kuniona. Nikamsikia kwa mbali: mama, mzime baba, chaji inaisha.

Akanizima.

Sikula.

Jumapili, 9 Machi

Kipara kaja na kobe! Yeye aliyekuwa akinicheka! Anasema amekaa akafikiri: paka haishi sana, kobe anazeeka kuliko watu, kwa hiyo kibali cha mwenye kobe lazima kiwe kirefu zaidi. Nilitoka nje nikapiga teke ndoo. Ilikuwa na saruji iliyoganda.

Jumanne, 11 Machi

Kwa daktari wa wanyama, nachechemea. Shahidi kachomwa sindano, mimi nimeng'atwa. Kisha akawekewa kidude chini ya ngozi ya shingo, kidogo kama punje ya mchele, ambacho mashine inakisoma. Maana yake paka sasa ana kompyuta ndani! Kobe wa Kipara ana nini ndani? Majani.

Alhamisi, 13 Machi

Ofisi ya ukaazi. Nilivaa tai ya kuazima kwa mpishi wa kantini. Shahidi alikuwa ndani ya sanduku la spana nililolitoboa matundu. Karani, mama wa makamo mwenye miwani, akauliza kazi yangu. Nikasema teknolojia. Akauliza upande gani. Nikasema upande wa chini. Nikamweleza ukweli, kwamba nisipotambaa mimi, jengo zima linalala gizani. Akasema pole kaka, njia hii ni ya wale wanaofanya kazi juu ya sakafu.

Ndipo nikafungua sanduku, nikaeleza habari ya mnyama. Alivua miwani, akajifuta machozi, akawaita wenzake wawili waje nao wasikie. Nikarudia. Kisha akasoma karatasi za Shahidi kwa makini. Akasema paka hana tatizo lolote. Anaweza kutoka nchini na kurudi siku anayotaka. Mwenye tatizo ni mimi.

Alipouona uso wangu akaacha kucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hata kibarua hupewa ruhusa ya kwenda kwao likizo na kurudi, mwajiri akimwombea. Ni kumwona msimamizi wangu tu. Kwani sijawahi kumwomba?

Nikasema nitamwomba. Shahidi alishalala juu ya mafaili yake.

Jumamosi, 15 Machi

Nilimsimulia Kipara yote, nia yangu nimvunje moyo yeye na kobe wake. Kipara akavaa viatu, akaenda kwa msimamizi, akaomba.

Kapewa!

Anaondoka wiki ijayo. Nimemsaidia kufunga begi. Alimnunulia binti yake gauni, akalikunjua akaniuliza kama litamtosha. Nikamwambia atakuwa amekua, abadilishe achukue kubwa. Halafu nikainama kumtafuta paka chini ya kitanda. Paka alikuwa dirishani.

Kipara akasema, ndugu yangu, inuka nikusindikize, ni neno moja tu. Nikasema kesho.

Jumatatu, 17 Machi

Nilifika mpaka mlangoni kwa msimamizi. Mkono niliuinua kabisa nibishe hodi. Nikarudi. Akisema hapana, ni hapana, habari imekwisha. Nisipomwomba, bado mimi ni mtu anayekaribia kwenda kwao.

Tena kuombaomba ni kwa wasiotumia akili. Leo mpishi kanidokeza kwamba yuko mtu, anamjua kabisa, aliyepewa ukaazi kwa kufuga nyuki. Nyuki! Mimi nilikwenda na paka mmoja! Mzinga mmoja tu una maelfu! Na chini ya sakafu ya kompyuta kuna joto zuri, na hafiki mtu ila mimi. Nimeanza kutafuta mbao.

Nimempigia mke wangu nikamwambia safari hii ni hakika. Akauliza ni mnyama gani. Nikamwambia atulie, afue mashuka tu. Mwezi wa nane nipo nyumbani. Nikichelewa sana, wa tisa.