Safari ya Kiliani wa Mkumbi Kutafuta Matairi Membamba Yenye Meno

Tegeni masikio, enyi mliomaliza kupalilia na enyi mnaojifanya mmemaliza! Ufunikeni ugali usipoe, watulizeni watoto, kwa maana hapa hausimuliwi ugomvi wa wafalme. Unasimuliwa ujasiri wa Kiliani wa Mkumbi, bingwa wa mibuni, mume wa Kalista, mtu aliyeteremka kutoka milimani hadi Ziwa Nyasa, foko ya baiskeli, ule uma ushikao gurudumu la mbele, mkononi mithili ya mkuki, akitafuta matairi mawili.

Ilikuwa katika miaka ile soko huria lilipofunguliwa, na vitu vikamiminika Mbinga kama siafu baada ya mvua: redio zenye taa, sabuni za rangi tatu, viatu ambavyo cha kushoto kilitoka nchi yake na cha kulia nchi yake. Kila kitu kilikuja, isipokuwa kile ulichokwenda kukitafuta. Katika mafuriko hayo ikaja baiskeli ya mtumba ya kupandia milima, nyekundu, ya magia kumi na nane, ambayo huko Ulaya ilikwisha kuzeeka na kustaafu. Kiliani alipoiona, moyo ulimpaa. Akambadilishia mwenye nayo nguruwe jike mwenye mimba. Nguruwe huyo, jamani, hakuwa wake. Alikuwa wa Kalista.

Haikupita wiki, matairi, ambayo yalikuwa na kipara tangu sokoni, yakapasuka yote mawili. Ndipo Kalista, mama wa subira, akasimama mlangoni, mwiko mkononi, akahutubia:

“Baba Hilda, sikupigi, sikutukani. Nakupa hadi Jumapili ya Matawi. Siku hiyo, kama chuma hiki hakijakufikisha kanisani umekikalia, kaka Bartholomayo atakichukua akifanye mlango wa banda lake la nguruwe. Nami nitawatangazia waumini wote kwamba nguruwe wangu hakufa kwa homa, alikufa kwa ujinga.”

“Shemeji, usijiharakishe,” akaongeza Bartholomayo, ambaye hakuwahi kukosa pale dada yake alipofoka. “Bawaba nimekwisha kununua.”

Lo! Ni ulimi upi utakaoeleza uchungu wa mwanamume anayeiona baiskeli yake imeinama mbele ya banda, ikifunguliwa na kufungwa na nguruwe?

Kiliani akapanda hadi Mbinga mjini, akaingia duka kwa duka kama jemadari akaguaye ngome. Matairi ya baiskeli za kawaida yalikuwepo, makubwa ya duara, hayakuingia kwenye rimu zake. Matairi ya duara lake yalikuwepo pia, lakini manene, yamevimba kama kiboko aliyeshiba, na foko ya baiskeli ile ya kizamani ilikuwa nyembamba.

“Haya ndiyo ya kisasa, mzee,” alisema Praygod, kijana wa duka la mwisho, kalamu sikioni. “Soko huria hili. Mteja ni mfalme.”

“Mfalme anataka membamba, yenye meno.”

“Membamba yenye meno hayapo. Tairi langu halina kosa, mzee. Foko yako ndiyo yenye kosa.”

Mfalme akanunua manene. Alipoyafunga nyumbani, gurudumu lilikwama kati ya miguu ya foko, likagoma kuzunguka hata nusu. Hapo Kiliani akatenda jambo ambalo mkulima wa kahawa peke yake angelitenda. Alichukua mkasi wake wa kupogolea, uliokwisha kutiisha mibuni mia nane, akaketi kwenye kigoda akayapogoa matairi. Akaondoa meno ya pembeni kama aondoavyo maotea ya mbuni. Akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akasogea akapunguza tena, kwani mbuni hauzai usipoonewa. Matairi hayakuzaa. La mbele lilipojazwa upepo lilipasuka kwa kishindo hata kuku wakaacha mayai, na la nyuma likalifuata kwa heshima.

“Msimu ujao yatachipua,” alisema Kalista, akaendelea kuchambua maharage.

Zilibaki siku sita. Kiliani aliing’oa foko kwenye baiskeli, ili asidanganywe tena na jicho, akaibeba begani, akashika njia. Huko Kingerikiti alimkuta Florian, fundi baiskeli, ambaye aliipima foko kwa vidole viwili akatikisa kichwa.

“Matairi ya kuingia hapa waliletaga mabruda wa misheni zamani. Nenda Ngumbo, kwa bibi Tadea. Anayo mawili. Ila hayapandi baiskeli yale.”

“Yanafanya nini?”

“Yanazika watu.”

Kwa kauli hiyo ya kutisha shujaa akateremka, siku mbili za makorongo, hadi mwambao wa Ngumbo. Akawakuta akina mama wa kanisa barazani, maua yametapakaa, na katikati yao bibi Tadea, msuka mashada wa mwambao mzima. Tairi moja lilining’inia ukutani. La pili lilikuwa mapajani mwake, limekwisha kuvikwa maua, shada la marehemu wa kesho.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Huo mkuki wa kumchoma nani?”

Kiliani akapiga goti, akaeleza yote: nguruwe, mkasi, bawaba. Akina mama wakacheka hadi wakashika mbavu.

“Sikiliza,” akasema Tadea. “Tairi hili limewasindikiza watu kumi na saba. Tukimaliza kuzika tunalirudisha, tunalivika upya, na hakuna marehemu aliyelalamika. Leo nikuvulie wewe, kwa sababu umemwogopa mkeo?”

“Ndiyo, bibi.”

“Hilo nalo ni jibu la mtu mzima. Basi nisukie mapete mawili ya mianzi, imara, yashike nafasi ya matairi. Kisha maua haya uyahamishe mwenyewe, moja moja. Likipungua hata moja, marehemu atakufuata Mkumbi.”

Na Kiliani, simba wa mibuni, akaketi mkekani kati ya wanawake, sindano mkononi, akashona maua tangu saa nane hadi jua kuzama ziwani, akikosolewa kila mshono. Alipomaliza, alilipitisha tairi katika foko. Likapita! Pande zote mbili ikabaki nafasi ya punje ya kahawa. Meno yake yalikuwa mazima, kwa kuwa miaka yote hiyo lilitembea mikononi mwa waombolezaji.

Jumapili ya Matawi ikafika na mvua yake. Barabara ya Mkumbi ikawa uji mwekundu; wenye baiskeli zao wote walizisukuma, wengine walizibeba. Bartholomayo alisimama kwenye kona, koleo mfukoni. Ndipo akatokea Kiliani, amekalia, goti likipanda na kushuka, matairi yakiyakata matope kama kisu kwenye boga, na kwenye meno ya nyuma kipande cha utepe kikipepea: PUMZIKA KWA AM. Hatua mia moja na arobaini, toka kwenye mgomba wa mwisho hadi mlango wa kanisa, wala hakugusa chini! Watu wakapunga matawi, na padri alishindwa kujua shangwe ni za nani.

Kalista akasogea. Akalibonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba, kisha la nyuma. Akakaza kitenge, akampa mumewe tawi amshikie.

“Shuka,” alisema. “Nguruwe alikuwa wangu.”

Na iandikwe, vizazi visome, kwamba Jumapili ile mlima wa Mkumbi ulishindwa kwa magurudumu mara ya kwanza tangu kuumbwa kwake. Kalista juu, akiyumba na kucheka, na nyuma yake, mbio, matope hadi magotini, mshindi, ameshika kiti.