Mkanda wa Akiba

Jumatano, 6 Agosti
Vita vimeanza! Mke wangu ametoa tamko: gari langu likiharibika njiani tukienda harusini kwa mdogo wake, linauzwa. Gari lililonizidi umri! Shemeji, kaka yake, mwenye gari jipya linalonukia plastiki, alicheka mpaka akakohoa. Lakini mama mkwe amechagua kupanda kwangu, eti kiti changu ni kipana. Nimempiga bao shemeji. Jioni nzima nimepakia spea: plagi, pampu ya mafuta, na mkanda wa feni mpya kabisa, bado umo kwenye karatasi yake. Sasa liharibike tuone!

Alhamisi, 7 Agosti
Mkanda wa feni umekatika. Nikatangaza mapumziko ya kutazama mandhari. Mama mkwe akauliza mandhari gani, maana tulikuwa mbele ya ukuta wa kiwanda. Nikamwambia hewa, mama, vuta hewa. Mkanda mpya ulikuwepo, chini ya kiti. Lakini nikiufunga, nitakuwa sina wa akiba! Na huo ukikatika je? Watu hawafikirii mbali. Nikafunga tai yangu ya harusi badala yake. Ilizunguka vizuri, kisha ikawa nyuzi. Tumelala nyumba ya wageni. Mke hajashtuka.

Ijumaa, 8 Agosti
Mtandio wa mke wangu umepotea. Yeye ndiye anayesema umepotea. Mimi najua uko kwenye injini. Leo tumepumzika mno. Mama mkwe anasema hata mjamzito hapumziki hivi. Shemeji ametupita, akapiga honi, akapunga mkono kwa madaha. Roho imeniuma! Harusi ni kesho saa nane.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeumbuka. Saa sita rejeta ilichemka, mvuke kila mahali, mtandio ukatoka vipande vipande. Mke wangu akainama chini ya kiti kutafuta maji, akaibuka na mkanda. Akauliza hiki ni nini. Nikamweleza habari ya akiba, taratibu, kiungwana. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alilia. Akasema mdogo wake ni huyo huyo mmoja. Mama mkwe akasimamisha lori la magodoro, wakapanda wote wawili. Mimi nikabaki kulinda spea. Nasikia waliwahi. Nasikia bibi harusi aliniulizia, na aliyejibu ni shemeji.

Jumapili, 10 Agosti
Limeuzwa. Wamekuja kunichukua kwa gari la shemeji, na fundi aliyelinunua wamempakia humo humo. Fundi akatia maji, akafunga mkanda wangu mpya, kufumba na kufumbua injini ikawaka. Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama kiwiko changu. Fundi akaondoka anapiga mluzi. Machozi yalinitoka, sifichi. Mama mkwe akanishika bega, akauliza kama angalau nimejifunza kitu, mwanangu. Nikamjibu kwa uchungu kwamba namhurumia yule fundi. Mtu mzima na akili zake, anaingia barabarani bila mkanda wa akiba!