Ndago Kwenye Mistari

Jumatatu, 3 Machi 2025. Boito.
Habari njema! Madam Amondi, mtaalamu wa mimea, ametuambia akina mama kwamba ndago ya kinamasi chetu imebaki kidogo sana. Ile nyasi ya shina la pembe tatu, inayokata vidole. Atakayekuwa nayo nyingi, chemchemi itajengwa upande wake, na maji yavutwe kwa paipu mpaka mlangoni. Mlangoni! Mimi hupanda mlima na mtungi, mwanangu Vinny mgongoni, mara nne kwa siku.
Shida ndogo: yangu niling'oa yote mwaka jana nikapanda kabeji. Zikaoza. Ya Molly, jirani wa ng'ambo ya kijito, imejaa kwa sababu ya uvivu wake.

Jumanne, 4 Machi.
Asubuhi nimevuka na jembe. Magunia mawili. Si wizi, ni nyasi. Molly akanikuta, akauliza mama Vinny anatafuta nini kwa matope yake. Nikasema dawa ya tumbo la mtoto. Akasikitika, akashika jembe, akanisaidia! Nikaona haya. Dakika mbili hivi.

Jumatano, 5 Machi.
Nimepanda. Nafasi ya futi nne kwa mbili na nusu, mistari ya kamba, kama chai. Kipngeno mume wangu amesema hajawahi kuona kinamasi kimenyooka hivi. Ni sifa, nadhani.

Alhamisi, 6 Machi.
Ndago ina vichwa vya kahawia, ovyo ovyo, kama nywele za Vinny akiamka. Nimechuna vyote, juu ikawa sawa kama meza. Safi! Vinny alilia. Nikamwambia ni maji yake natafuta, anyamaze. Akanyamaza. Akanitapikia shingoni.

Ijumaa, 7 Machi.
Madam Amondi alikuja kukagua, akacheka mpaka akakaa chini. Akauliza kama nimetia mbolea pia. (Nilitia.) Akasema ndago hutambuliwa kwa maua, nami nimeyachuna, tena haijipangi foleni. Molly akauliza tumbo la Vinny limepoa?
Chemchemi imeenda kwa Molly.

Jumapili, 9 Machi.
Molly amesema nichote kwake wakati wowote. Mlima ni ule ule. Nimelia kidogo, nimempa Vinny mgongo asione.
Lakini kanisani nimesikia Madam anarudi Aprili kuhesabu korongo, wale wenye taji la dhahabu. Atakayekuwa nao wengi atapewa tangi la maji! Rodah wa kanisani ana bata wanne, amekubali kuniazima. Miguu ni mifupi, lakini watakuwa ndani ya nyasi. Nimeanza kushona taji.