Sindano za Daktari Asnath

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mke wangu Ernesta amegoma kumeza kidonge. Saratani ya titi ilishakatwa, dripu zikaisha, vikabaki vidonge vya miaka mitano ili isirudi. Anasema vidole vimekakamaa, magoti yanawaka, heri aache. Nimeogopa sana. Nimemwambia kwa sauti nzito kwamba nina mpango. Sina.

Jumanne, 4 Machi
Daktari Asnath, aliyehamishiwa hapa Kasulu kutoka Tanga, amesema ipo tiba ya sindano za Kichina, zisizo na dawa ndani, zinazochomwa tu mwilini. Haiondoi saratani, inapunguza maumivu yanayoletwa na vidonge. Sindano! Mimi ni fundi cherehani, nimezishika tangu ujana. Nimejitolea kumsaidia. Amesema asante baba, kaa pale kwenye benchi.

Jumatano, 5 Machi
Nimefanya jaribio dukani, kwenye goti langu mwenyewe. Kwanza nikailamba sindano, mazoea ya kazi. Kisha yowe! Mteja amekimbia na suruali isiyopindwa. Ernesta amecheka mpaka akashika mbavu. Sijamsikia akicheka hivyo tangu augue. Goti limevimba.

Ijumaa, 7 Machi
Leo nimeona ufundi. Sindano nyembamba kama unywele, mpya kila moja, zinaingia huku daktari anamwuliza Ernesta habari za wajukuu. Mkono hautetemeki hata kidogo. Nimefanya kazi na mafundi wengi, mkono kama ule sijauona. Ila nyembamba mno! Zitafikaje kwenye kiungo? Nikamtolea yangu ya kushonea magunia ya maharage. Ameitazama kwa adabu, akasema hiyo tuyaachie maharage. Alipofika kwenye kifundo cha mguu, nikazimia. Ernesta, sindano zimemjaa mwilini, ndiye aliyeuliza kama nimeumia.

Jumatano, 16 Aprili
Tumekwenda kliniki wiki baada ya wiki, mimi benchi la nje. Leo Ernesta amesonga ugali mwenyewe. Anasema maumivu bado yapo, ila yanavumilika. Kisha akameza kidonge bila kuombwa. Nimelia, nikasingizia moshi. Mke wangu ni shujaa, na daktari yule Mungu amtunze.

Jirani yetu Kipriani ameuliza siri ya mafanikio. Nimemweleza kwamba ni ushirikiano wa mafundi wawili. Amevutiwa. Kumbe ana jino bovu na anaogopa hospitali. Nimemwambia aje kesho asubuhi. Koleo ninalo.