Herufi Chini ya Chombo cha Maua

Jumatatu, 4 Juni 1956
Nimepata mali! Injinia wa mgodini amerudi kwao Ulaya, kamwachia mpishi wake Apolinari chombo cha maua cha kioo, kizito kama mtoto mchanga. Nimebadilishana na Apolinari kwa baiskeli yangu. Kakubali upesi mno. Kwa nini? Na kwa nini kaondoka akipiga kengele njia nzima? Mke wangu Eufrazia kauliza mahindi yatafikaje mashineni. Nimemwambia avumilie, tunatajirika. Kajitwika mahindi kichwani, katoka. Sikupenda alivyotoka.

Jumanne, 5 Juni
Nimekipeleka kwa Melkior, fundi saa, aliyejifunza kazi kwa sonara Tabora. Kakigonga kwa ukucha. Kililia muda mrefu! Kapitisha kidole kwenye mikato, kasema ina makali, basi imekatwa kwa mkono, haikumiminwa kwenye kalibu. Maua yale yenye ukungu yamechorwa kwa asidi. Kisha kakipindua, akakazia macho vijiherufi vya chini. Jina la aliyekitengeneza, kasema. Kuna mzungu Tabora anakusanya vyombo kama hivi. Palepale akataka kunipa baiskeli, mpya! Nimekataa. Anayetoa baiskeli anajua kitu kina thamani ya gari.

Alhamisi, 7 Juni
Kasimu wa maabara ya mgodi kasema uzito ni wa madini ya risasi yaliyochanganywa kwenye kioo. Nimemuuliza kama ni risasi ya mgodi wetu. Kacheka. Mtu hacheki bure. Jana alikuwa anaongea na Melkior! Wananizunguka.
Jioni nimechukua jiwe la kunolea visu, nikasugua vile vijiherufi mpaka vikaisha. Sasa hata wakikiiba, hawatajua ni kitu gani. Akili!

Jumamosi, 9 Juni
Eufrazia karudi kutoka mashineni kwa miguu, shingo imevimba kwa mzigo. Kanishika mkono: “Baba Regina, chukua hicho kioo, nenda kwa Melkior, rudi na baiskeli.” Nimekwenda, moyo umeniuma.
Melkior kakipindua. Kauliza herufi ziko wapi. Nimesema nimeziondoa kwa usalama. Kavua kioo cha jichoni, kaketi chini. Kasema bila jina mzungu hatakigusa. Zile herufi ndizo zilizokuwa baiskeli. Sasa anaweza kunipa pampu tu.
Pampu! Nimerudi na chombo changu. Eufrazia kahamia kwa dada yake Marsela, na unga wote.

Jumapili, 10 Juni
Sikwenda misa. Nimefikiri sana, kwa njaa. Melkior mwenyewe kakiri: thamani ni herufi. Basi kosa la yule wa kwanza lilikuwa kuandika kidogo mno!
Nimechukua ncha ya tupa, nimeandika ubavuni, juu ya yale maua, kubwa, zisomeke toka mlangoni: MEDI IN ULAYA 1700. Kumetokea ufa kidogo kwenye sifuri ya mwisho. Si neno, unaongeza uzee.
Kesho nampelekea Melkior. Akicheka, nitajua ni wivu.